Matandazo ya banda la kuku: jinsi ya kuyachagua na kuyaweka makavu

Kuku wakubwa 10 hunywa takribani lita 2 hadi 2.5 za maji kwa siku, na siku za joto hunywa zaidi. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka tena kupitia kinyesi na pumzi. Usiku, kuku wanapofungiwa, unyevu wote huo hubaki ndani ya banda. Kama sakafu ni udongo mtupu, baada ya siku chache inakuwa tope, banda linanuka, na vifaranga wanaanza kufa mmoja baada ya mwingine bila mwenyewe kujua sababu.

Makala hii inakueleza namna ya kuchagua matandazo, yaani vitu vikavu vinavyotandazwa kwenye sakafu ya banda na uwanja wa kuku, na namna ya kuyatunza ili yadumu. Imeandikwa hasa kwa familia zinazoishi katika makazi ya wakimbizi ya magharibi mwa Uganda, kama Nakivale, Rwamwanja, Kyaka II na Kyangwali, pamoja na wenyeji wanaoishi jirani nao. Kama uko Kakuma au Kalobeyei nchini Kenya, ambako hali ya hewa ni kame, kuna sehemu yako hapo chini.

Kumbuka jambo moja kabla ya mengine yote: kazi ya matandazo ni kunyonya unyevu na kuuachia hewani. Kwa hiyo unapochagua, usiulize tu ni kitu gani kiko karibu na hakilipiwi. Uliza ni kitu gani kitabaki kikavu ndani ya banda lako.

Kwa nini sakafu ina uzito mkubwa hivi

Tangu mwaka 2023, mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda hutolewa kwa makundi kulingana na hali ya kila kaya, na familia nyingi zimelazimika kutafuta njia nyingine za kujaza pengo. Kuku ni mojawapo ya njia hizo. Hawahitaji ardhi kubwa, na kuku mmoja akiuzwa anaweza kununua madaftari, dawa, au nauli ya kwenda hospitali. Ndiyo maana kupoteza vifaranga kumi kwa wiki moja ni hasara kubwa kwa nyumba nzima.

Sakafu yenye unyevu huleta hasara hiyo kwa njia tatu.

1. Kuhara damu. Ugonjwa huu, unaoitwa pia koksidiosisi, husababishwa na vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi cha kuku. Vinapotoka tu haviwezi kuambukiza. Vinahitaji joto, hewa na unyevu, na vikipata vyote hivyo hukomaa ndani ya siku 1 hadi 2. Kifaranga akidonoa sakafu hiyo, anavimeza. Ukiinyima sakafu unyevu, umekata mnyororo huo katikati.

2. Hewa mbaya. Kinyesi chenye maji kikioza hutoa gesi ya amonia, ile harufu kali inayochoma pua. Gesi hiyo huharibu macho na njia ya hewa ya kuku, na kuku aliyeumia mapafu hushikwa upesi na magonjwa mengine. Inashauriwa kiasi cha amonia ndani ya banda kisizidi sehemu 25 kwa milioni. Huna haja ya kipimo. Chuchumaa hadi kichwa chako kifike usawa wa kuku, uvute pumzi mara tatu. Macho yakiwasha, kuku wako wameshaanza kuumia.

3. Ukungu. Matandazo yaliyoota ukungu hutoa vumbi laini ambalo vifaranga huvuta hadi mapafuni. Huhema midomo ikiwa wazi na kufa wakiwa wadogo. Ugonjwa huo hauna tiba ambayo mfugaji mdogo anaweza kuitegemea. Kinga ni kutoingiza kitu chenye ukungu bandani.

Sifa za matandazo mazuri

Chochote unachopata, kipime kwa mambo haya:

- Kinanyonya maji na kukauka haraka.
- Ni kilaini na hakina ncha. Ncha na miiba huchoma nyayo, na jeraha la unyayo huvimba na kumfanya kuku achechemee.
- Hakigandamani na kuwa kama mkeka.
- Hakina vumbi jingi, ukungu, rangi, mafuta wala dawa ya mbao.
- Kinaweza kuwa mbolea baada ya kutumika.
- Unaweza kukipata tena mwezi ujao bila kugombana na mtu.

Vitu vinavyopatikana, kimoja kimoja

Maranda ya mbao. Haya ni vile vipande vyembamba vilivyojikunja vinavyotoka kwenye randa ya seremala. Ndiyo matandazo bora kwa wafugaji wengi: yananyonya vizuri, hayagandamani upesi, na hayana vumbi jingi. Yatafute kwa mafundi wa milango na vitanda katika vituo vya biashara. Muulize fundi mbao imetoka wapi. Maranda ya mbao iliyotiwa dawa ya mchwa, iliyopakwa rangi, au ya nguzo za umeme hayafai kabisa, kwa sababu kuku hudonoa wanachokanyaga.

Vumbi la mbao. Huu ni unga unaotoka kwenye msumeno. Unanyonya maji, lakini ukilowa hugandamana, na ukikauka hupeperuka na kuingia mapafuni. Vifaranga huudhani kuwa chakula, wakaujaza kwenye gole, yaani kile kifuko cha chakula chini ya shingo, kikaziba. Uchanganye na maranda au makapi, na uutumie kwa kuku wakubwa tu.

Makapi ya kahawa. Uganda ni nchi ya kahawa, na maganda makavu yanayobaki kwenye mashine za kukoboa hutumiwa sana na wafugaji wa kuku. Ni mepesi, yananyonya vya kutosha, na baadaye huwa mbolea nzuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi hurundikwa nje na kunyeshewa. Ingiza mkono katikati ya rundo. Kama ndani kuna joto, unyevu au harufu ya uvundo, yaache.

Makapi ya mpunga. Ni mepesi, hayagandamani, na yanakauka haraka. Hayanyonyi maji mengi kama maranda, kwa hiyo yanafanya kazi vizuri zaidi yakichanganywa. Usichanganye makapi na pumba. Makapi ni ganda gumu la nje. Pumba ni ule unga laini wa kulishia mifugo. Ukitandaza pumba, kuku wataila pamoja na kinyesi, na itakayobaki itaoza.

Magunzi ya mahindi. Kila nyumba inayolima mahindi inayo. Gunzi zima halifai, kwa sababu hushika unyevu ndani yake na kuota ukungu. Yaanike juani hadi yakauke kabisa, uyaponde kwenye kinu au kwa mchi hadi yawe vipande visivyozidi ukubwa wa punje ya mahindi, kisha uyachanganye na kitu kingine. Gunzi lenye doa jeusi, la kijani au la waridi litupe.

Maganda ya karanga. Yanafaa yakiwa makavu na yamevunjwavunjwa. Karanga huota kwa urahisi ule ukungu unaozalisha sumu, hivyo yakague kwa makini kuliko kitu kingine chochote.

Mabua na maganda ya maharage. Baada ya kupura maharage, vile vinavyobaki mara nyingi huchomwa. Badala ya kuvichoma, vikaushe na kuvikatakata. Ni vizuri kuchanganywa na maranda kidogo uliyonayo ili yatoshe.

Nyasi kavu. Hupatikana kwa wingi, lakini zina masharti. Zikate vipande vifupi visivyozidi sentimita 5. Nyasi ndefu hujifunga kama mkeka, juu zikaonekana kavu huku chini kukioza. Pia kuku akimeza nyasi ndefu huweza kuzibwa gole. Zianike siku 2 au 3 kabla ya kuziingiza. Nyasi mbichi ni maji unayoyapeleka bandani kwa mikono yako mwenyewe.

Majani makavu ya migomba. Katika wilaya ya Isingiro, ambako Nakivale ipo, migomba iko kila upande, kwa hiyo wengi huanza na majani haya. Jani la mgomba lina utando wa nta na halinyonyi maji. Likilazwa zima hufunika unyevu chini yake. Lichane vipande vyembamba, ulitumie kwenye viota au kama nyongeza. Usilitegemee peke yake.

Mchanga. Haunyonyi, lakini hupitisha maji chini na kukauka haraka, na kinyesi kinaweza kuokotwa kwa reki kila asubuhi. Unafaa sehemu kame na kwenye uwanja wa nje. Usiku wa baridi haufai kwa vifaranga.

Vitu vya kuacha

- Turubai au karatasi ya plastiki sakafuni. Huzuia unyevu usiende popote, na kinyesi huelea juu yake.
- Blanketi na nguo kuukuu. Nyuzi huwafunga kuku miguu hadi vidole vikafa, na kitambaa kilicholowa hakikauki.
- Gazeti tupu au karatasi inayoteleza. Vifaranga huteleza, miguu ikatanuka, na wengine hulemaa.
- Matandazo au magunia yaliyotumika katika banda la mtu mwingine. Mdondo, ambao wengi wanauita Newcastle, husafiri kwa kinyesi, magunia na viatu.
- Majivu juu ya matandazo yaliyolowa. Wengi hufanya hivi ili kukausha, na chokaa pia hutumiwa hivyo. Vyote viwili huongeza utoaji wa amonia, na harufu inazidi. Majivu yana mahali pake, na utapaona kwenye sehemu ya uwanja.

Utahitaji kiasi gani

Kuku wa kienyeji 4 hadi 5 kwa kila mita 1 ya mraba ndio kiasi kizuri. Wakizidi hapo, hakuna matandazo yatakayoweza kubaki makavu.

Tuchukue banda la urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.5. Eneo lake ni mita 3 za mraba, linalotosha kuku 12 hadi 15. Ukitandaza kina cha sentimita 8, utahitaji takribani lita 240 za matandazo, karibu magunia mawili makubwa ya mahindi yaliyojaa bila kushindiliwa. Tafuta na gunia la tatu la akiba, ulihifadhi mahali pasiponyeshewa. Mvua ikianza, kila mtu atakuwa anatafuta kitu kikavu.

Hatua za kutandaza

1. Inua sakafu. Shindilia udongo au panga matofali hadi sakafu iwe juu ya ardhi ya nje kwa sentimita 20 hivi. Banda lililo chini kuliko uwanja litaingiza maji hata likiwa na paa zuri.

2. Chimba mfereji mdogo kuzunguka banda, na hakikisha paa limetokeza nje ya ukuta ili mvua ya upepo isiingie.

3. Acha nafasi ya hewa chini ya paa, iliyozibwa kwa waya wa kuku au fito. Hewa yenye unyevu hupanda juu na kutoka. Ukuta wa chini, usawa wa kuku, uwe umezibwa ili upepo usiwapige usiku.

4. Tandaza matandazo makavu kina cha sentimita 8 hadi 10.

5. Inua chombo cha maji juu ya matofali hadi kifike usawa wa mgongo wa kuku. Katika mabanda mengi, sehemu inayolowa kwanza ni pale kwenye maji, kwa sababu kuku humwaga wakinywa na kukanyaga ndani. Kama kuku hutoka mchana, maji yakae nje, kivulini.

6. Weka viota mbali na chombo cha maji, kimoja kwa kila kuku 4 au 5 wanaotaga. Ndani yake weka maranda au nyasi laini. Yai likitoka na uchafu, badilisha.

Kazi ya kila siku na ya kila wiki

Asubuhi, unapofungua banda, geuza matandazo kwa reki au kijiti, hasa chini ya mahali wanapolala. Toa sehemu iliyolowa na uweke kavu. Ukirusha punje chache za mahindi juu ya matandazo, kuku wenyewe watayachakura na kuyageuza.

Mara moja kwa wiki fanya jaribio la mkono. Funga mkono kwa mfuko wa plastiki, chukua matandazo kiganja kimoja kutoka katikati ya banda, yafinye, kisha fungua.

- Yakibaki donge moja lililoshikana, yamelowa kupita kiasi. Toa, ongeza makavu, tafuta maji yanatoka wapi.
- Yakishikana kidogo halafu yakapasuka yenyewe, yako sawa.
- Yakimwagika kama vumbi na kukupandisha chafya, yamekauka mno. Nyunyiza maji kidogo sana, kwa mkono, na ugeuze.

Kila wiki au wiki mbili ongeza tabaka jembamba juu. Ukifanya hivyo bila kuruhusu unyevu, matandazo yanaweza kudumu miezi 4 hadi 6. Yatoe yote ukibadilisha kundi la kuku, au ugonjwa ukipita. Ukishatoa, fagia, acha banda wazi lipigwe na hewa na jua siku kadhaa, na hapo chokaa kwenye sakafu tupu inafaa.

Unapotoa matandazo, funga pua na mdomo kwa kitambaa, na nawa mikono kwa sabuni ukimaliza. Watoto wasichezee humo.

Vifaranga wa wiki za mwanzo

Vifaranga hupoteza joto upesi na hudonoa kila kitu. Tandaza maranda kina cha sentimita 5. Siku 3 au 4 za kwanza yafunike kwa karatasi ya kukwaruza, kama ile ya mifuko ya saruji iliyopigwapigwa hadi ikabaki bila saruji, na ubadilishe karatasi hiyo kila siku. Wakishajua kutofautisha chakula na sakafu, iondoe.

Tahadhari na moto. Familia nyingi hutumia jiko la mkaa kuwapa vifaranga joto, na maranda makavu na makapi ya kahawa hushika moto kwa cheche moja. Liweke jiko juu ya matofali, lizungushie uzio wa bati au matofali ili kifaranga asilifikie, na usitandaze kitu karibu nalo. Moshi wa mkaa huua watu pia. Usiwalee vifaranga kwa jiko la mkaa ndani ya chumba mnacholala, hata kama usiku ni wa baridi na una hofu ya wezi.

Uwanja wa nje

Uwanja ni pale kuku wanaposhinda mchana. Hapo matandazo hunyeshewa, kwa hiyo sheria inabadilika: unatafuta kitu kinachopitisha maji, si kinachoyanyonya. Nyasi na maranda laini yakilowa nje huwa tope linalooza.

Yanayofaa ni mchanga wa chengachenga, vipande vikubwa vya mbao kama vile vinavyobaki unapochanja kuni, au majani makavu ya miti yaliyotandazwa kwa tabaka jembamba na kuondolewa yanapolowa. Chagua sehemu ya juu ya kiwanja chako, si bondeni. Kama una nafasi, gawa uwanja sehemu mbili, utumie moja huku nyingine ikipumzika na kupigwa jua.

Mahali pamoja pawe na paa, hata kama ni bati moja. Hapo chimba shimo dogo, ulijaze udongo mkavu, mchanga na majivu baridi. Kuku wataoga humo, na vumbi hilo huwasaidia kupunguza chawa na utitiri. Hapa ndipo majivu yanapofaa.

Msimu wa mvua

Magharibi mwa Uganda mvua huja mara mbili kwa mwaka, kwa kawaida kuanzia Machi hadi Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Novemba au Desemba. Matandazo ya msimu wa mvua hukusanywa wakati wa kiangazi. Magunzi na maganda ya maharage yanapatikana baada ya mavuno. Yakaushe wakati huo, yafunge kwenye magunia, na yaweke juu ya fito ili yasiguse ardhi. Ukingoja hadi mvua ya kwanza ndipo uanze kutafuta, utakachopata kitakuwa kimelowa tayari.

Kama uko Kakuma au Kalobeyei

Katika kaunti ya Turkana tatizo la siku nyingi si tope, ni vumbi, upepo na joto kali. Maranda ni machache, na hupeperushwa. Mchanga wa chengachenga wenye kina cha sentimita 5 ndio wa kutegemea. Ondoa kinyesi kila asubuhi kwa reki, na uongeze mchanga mpya pale unapopungua. Mchanga hushika joto la mchana, hivyo banda lazima liwe kivulini na lipitishe hewa. Miiba ya mathenge iokote kila siku.

Usisahau kwamba mvua ikinyesha huko, maji huja kwa nguvu na kwa muda mfupi. Sakafu iliyoinuliwa inahitajika Kakuma kama inavyohitajika Nakivale. Mchanga usichukuliwe kwenye kingo za mto Tarach, kwa sababu kingo zikibomoka, nyumba zilizo karibu ndizo zinazofuata. Waulize viongozi wa mtaa wako na wenyeji mahali panaporuhusiwa.

Matandazo na ujirani mwema

Kitu kinachoonekana hakina mwenyewe mara nyingi kina mwenyewe. Nyasi unazokata kiangazi ni malisho ya ng'ombe wa jirani. Mabua shambani baada ya mavuno huenda mwenye shamba anayahifadhi kufunika migomba. Omba kwanza. Kama humjui mwenye eneo, pitia kwa mwenyekiti wa LC1 upande wa wenyeji, au mwenyekiti wa baraza la wakimbizi la kijiji chako.

Mafunjo na nyasi za kandokando ya ziwa Nakivale ni jambo tofauti. Ardhioevu ya maziwa Mburo na Nakivale imo katika orodha ya kimataifa ya ardhioevu zinazolindwa tangu mwaka 2006. Usikate huko.

Upande mwingine, wewe pia una kitu ambacho jirani anakihitaji. Matandazo yaliyotumika ni mbolea yenye nguvu. Unaweza kukubaliana na mkulima akupe magunzi na mabua baada ya mavuno, nawe umrudishie mbolea kabla ya kupanda. Seremala mwenye bustani naye atakuhifadhia maranda kama anajua atapata kitu.

Mbolea hiyo isiwekwe shambani ikiwa mbichi. Huunguza mimea, na inaweza kubeba vijidudu vinavyowaumiza watu wakila mboga mbichi. Irundike mbali na kisima na banda, inyunyizie maji, ifunike kwa majani, na uigeuze kila baada ya wiki mbili. Baada ya miezi 2 hadi 3, ikiwa haina joto tena na inanukia kama udongo, iko tayari.

Kama kuku wengi wamekufa kwa muda mfupi, usimpe wala usimuuzie mtu matandazo ya banda hilo. Fukia mizoga na matandazo kwenye shimo refu, na umjulishe afisa mifugo.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Sina banda. Kuku hulala ndani ya nyumba. Nifanyeje? Watenge kwenye kona kwa uzio au tenga, tandaza maranda, na uyatoe kila asubuhi. Lakini fanya mpango wa kuwatoa. Vumbi na kinyesi cha kuku si salama kwa watu, hasa watoto wadogo wanaotambaa.

Je, naweza kukwepa matandazo kabisa? Ndiyo, ukijenga banda la juu lenye sakafu ya fito zenye nafasi ndogo, kinyesi kikaanguka chini. Chini yake pafagiliwe mara kwa mara. Vifaranga wadogo wasiwekwe humo, miguu yao hunasa.

Sakafu ikiwa kavu, bado nichanje? Ndiyo. Matandazo makavu hupunguza kuhara damu na magonjwa ya hewa. Hayazuii mdondo. Chanjo ya mdondo ya matone ya jicho hurudiwa, kwa kawaida kila baada ya miezi 3. Uliza afisa mifugo ratiba ya eneo lako, na mkiungana majirani kadhaa, chupa moja hutosha kuku wa nyumba nyingi.

Kabla hujabeba gunia nyumbani

Jiulize haya matano:

1. Ni kavu hadi katikati?
2. Lina harufu ya uvundo, mafuta au dawa?
3. Lina ncha, nyuzi au miiba?
4. Limewahi kuwa ndani ya banda la mtu mwingine?
5. Mwenyewe ameridhia?

Ukipata jibu baya kwa swali lolote kati ya haya, liache hapo. Na ukiona kinyesi chenye damu, vifaranga wanaojikunyata manyoya yakiwa yamesimama, au kuku wanaohema kwa shida, watenge siku hiyo hiyo, badilisha matandazo yote, na umtafute afisa mifugo wa kata yako au mhudumu wa mifugo wa kijiji kabla ya kununua dawa dukani.